Sanduku la Mvule

Mtu mwenye neno la kuficha, polisi wakimtembelea, huitafutia mikono yake kazi. Kavoi alichukua randa akaanza kulainisha ubao ambao, kwa macho ya yeyote, ulikuwa umelainika tangu jana. Inspekta Kageha alisimama mlangoni mwa karakana akamwacha arande. Alikuwa mwanamke wa Maragoli, mwenye subira, na katika idara ya upelelezi alijulikana kwa kuwachosha washukiwa kwa kunyamaza tu.

Karakana ilikuwa ya mabati, imebanwa kati ya kinu cha posho na saluni, katika sehemu ya Kawangware inayoitwa Kongo. Baridi ya Julai ilikuwa imekaza. Nyuma ya Kageha alisimama Koplo Wambua, jitu la Kitui lenye njaa isiyopoa, ambaye asubuhi hiyo aliletwa kwa sababu moja: fundi alikuwa Mkamba mwenzake.

"Mzungu mrefu," Kageha alisema hatimaye. "Nywele za mvi, koti la kijivu. Dereva wa teksi alimshusha hapa nje wiki iliyopita."

"Wazungu huja hapa, madam. Wanapenda vinyago vya Wakamba."

"Hapa sioni kinyago. Naona vitanda na kabati."

Randa ikasimama. "Huyo alitaka sanduku."

"La ukubwa gani?"

Kavoi akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe, kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole.

"Mbao gani?"

"Mvule."

"Na misumari?"

"Sikutia hata mmoja. Nilikata meno nikaunga."

"Yeye ndiye alitaka hivyo?"

"Hapana, niliamua mwenyewe."

"Mvule, bila msumari, kwa mtu usiyemjua?"

Kavoi alipuliza vumbi kwenye randa, ingawa vumbi halikuwepo. "Mimi ni fundi tu, madam. Kazi safi ndiyo tangazo langu."

"Sanduku liko wapi?"

"Alikuja akachukua Ijumaa. Akaenda."

"Wapi?"

"Mzungu ataniaga mimi kwani mimi ni nani?"

Wambua akaingilia kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwomba jirani chumvi. Fundi alijibu kwa maneno machache na kurudi kwenye ubao wake.

"Anasema hana la kuongeza," Wambua alieleza. "Anasema pia nimenenepa."

Kageha aliangaza macho. Nyuma kulikuwa na kizuizi cha gunia kilichotenga sehemu ya kuwekea mbao. Juu ya meza ya kazi kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa na utando wa maziwa pembezoni, chai kama ya mtu yeyote wa Nairobi. Cha pili kilikuwa na chai ya rangi, na ndani yake kipande cha ndimu kikielea.

"Pole na mafua," alisema.

"Asante, madam," Kavoi alijibu, upesi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Nje, Wambua aliuliza kwa nini hawamtii pingu mara moja, maana kama huyo si mwongo basi yeye Wambua ni padri. Kageha hakupenda kumshika mtu kwenye uongo wake wa kwanza. Uongo wa kwanza ni kama kuku: ukimkimbiza anapotelea vichakani, lakini ukimwacha atakuonyesha mahali anapotagia.

Waliingia kwenye Landrova. Njiani kuelekea Kibera, Kageha alirudia kichwani yale aliyoambiwa asubuhi na mkuu wake, Bwana Naftaly. Mzungu aliyetafutwa aliitwa Taras Melnik. Alikuwa Myukreni, mchumi, mwalimu wa chuo kikuu huko Kiev. Nchi yake ilipojitenga na Warusi na pesa kugeuka karatasi, aliitwa serikalini kuwa mshauri, akapanda kuwa naibu waziri, akapanda tena kuwa Waziri wa Uchumi. Magazeti ya kwao yalimwita mkono wa chuma. Mwaka jana, 1996, alijiuzulu ghafla, na baada ya kujiuzulu akashtakiwa kwamba ameondoka na mali ya umma. Sasa wageni wawili kutoka kwao walikuwa wameketi ofisini kwa Bwana Naftaly, na barua yenye mihuri mingi. Walisema mali yenyewe ilikuwa ndani ya chombo cha chuma ambacho Melnik alikificha kwenye kabati la ofisi yake miaka yote ya uwaziri, na ambacho hakumruhusu hata katibu wake kukigusa.

"Ni nini hasa kiko ndani?" Kageha alikuwa ameuliza.

"Kama si almasi basi ni kitu kinachokaribia almasi," Bwana Naftaly alijibu. "Nataka mtu na mzigo wake hapa kesho asubuhi. Amri ni amri, Inspekta."

Kabla ya Kawangware, Kageha alikuwa amepita kwenye hoteli aliyofikia Melnik. Ilikuwa hoteli ya bei chee karibu na River Road. Chumbani alikuta mashati mawili, na soksi zilizofuliwa kwa mkono zimeanikwa dirishani. Bawabu alisema mzungu hakumwachia mtu abebe chombo chake, kitu cha chuma kisichozidi birika la chai, amekizungushia kitambaa. Tena aliuliza habari za mahali pawili tu: Kongo ya Kawangware, na Kisumu Ndogo ya Kibera, kwa mke wa mtu aitwaye Okello. Kisha akatoka na hakurudi.

Jambo lililomkera Kageha lilikuwa zile soksi. Alikuwa amewakamata wezi wa mali ya umma wa kila namna, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujifulia soksi.

*

Kisumu Ndogo ilinuka dagaa wa omena na moshi wa makaa. Kageha aliliacha gari juu barabarani wakashuka kwa miguu, wakiruka mitaro. Penye kona karibu na kanisa la mabati aliketi mwanamke mnene aliyejaza omena kwenye karai, akizipima kwa mkebe. Jina lake Rosebella, na hakuna jambo la mtaa ule lililompita.

"Sasa madam. Hizi zimetoka Usenge juzi tu."

"Natafuta nyumba ya Okello. Mkewe."

"Mama Trizah? Adero?" Rosebella aliteremsha mkebe. "Ni ule mlango wa bluu. Lakini wiki hii hajafungua kibanda chake. Anasema kichwa kinauma."

"Na mumewe?"

"Ati mumewe!" Rosebella alivuta pumzi ya mtu aliyengoja kuulizwa. "Huyo alirudi ng'ambo kusoma, Trizah bado mchanga kabisa. Huko kwa baridi. Barua zikakuja, zikakuja, halafu zikanyamaza. Mwaka wa nne huu. Shemeji yake, Obonyo, ameshasema bas, wazike yago mambo yaishe. Adero akakataa katakata. Hata wazee walikuja hapa kutoka kwao Alego kumbembeleza. Akawaambia akikubali hiyo tunda, itakuwa ni yeye ameua bwana yake."

Wambua alimtazama mkuu wake. Kageha alikulia mpakani na Wajaluo na hakuhitaji kuelezwa, lakini alimweleza koplo walipokuwa wakivuka mtaro. Yago ni tunda la mwegea, zito, refu kama mkono wa mtu. Mjaluo akifia mbali na mwili wake usipatikane, watu wake huzika tunda hilo badala yake, kaburi kamili, kilio kamili. Baada ya hapo amekufa, na mkewe ni mjane.

"Na kuna mzungu aliyepita hapa wiki hii?" Kageha alikuwa amemuuliza Rosebella kabla ya kuondoka.

Rosebella alicheka mpaka karai likatikisika. "Mzungu apite hapa na mimi nisimuone? Watoto wa hii Kibera wangemfuata na how are you, how are you, mpaka kule relini. Haki hakuna mzungu amekanyaga hapa."

Adero alifungua mlango wa bluu kabla hawajabisha. Alikuwa mwanamke mwembamba wa makamo, macho yamevimba, kitambaa kimefungwa kichwani mpaka kwenye nyusi. Aliwakaribisha, akawaketisha kwenye kochi lenye vitambaa vya kushona kwa mkono, akainama kupuliza jiko. Nyumba ya mtu wa Kisumu Ndogo haiwi chafu hata msiba ukiwa umeingia. Sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi hiyo. Ukutani palining'inia picha moja, vijana wawili wenye kofia za manyoya wamekumbatiana katika theluji, mmoja mweusi na mwingine mweupe.

"Huyu ndiye Okello?"

"Ndiye."

"Na huyu mwingine?"

"Rafiki yake wa shule huko."

"Anaitwa nani?"

"Nimesahau."

Mwanamke hatundiki uso wa mtu ukutani miaka kumi akasahau jina lake. Kageha aliuacha uongo huo pia uende ukatage.

"Hajaja hapa wiki hii?"

"Uliza majirani, madam. Kama kuna mzungu ameingia kwangu, wewe nifunge."

Hapo alikuwa anasema kweli, na Kageha alijua. Tena aliusema ukweli huo kwa ujasiri wa mtu aliyechagua vizuri ukweli wa kusema. Adero aliinama kuongeza makaa, kitambaa kikasogea, na upande wa kichwa chake ukaonekana, mweupe kwa wembe, bila unywele hata mmoja. Alikirudisha kitambaa haraka.

"Umenyoa, Mama Trizah."

"Ni joto."

"Julai hii?"

Wambua, ambaye alikuwa amejikunyata ndani ya koti lake, alitazama chini.

Kageha alisema polepole, maana hakutaka kumuumiza mtu huyu zaidi ya alivyoumizwa. "Miaka minne umewakatalia wazee wa Alego. Shemeji amekuja, umekataa. Wiki hii umenyoa kama mjane. Yago haijazikwa, kwa hiyo si Obonyo aliyekushinda. Kuna mtu amekuambia Okello amekufa, na mtu huyo ukamwamini kuliko ukoo mzima. Ni mmoja tu duniani anayeweza kukuambia hivyo ukamwamini." Alionyesha picha. "Hakuja kwako. Wewe ndiye uliyemwendea."

Maji yalichemka. Adero aliyatazama yakichemka, kisha akaketi kwenye kigoda na mikono yake ikaanguka mapajani.

"Taras," alisema. "Anaitwa Taras. Okello alikuwa akiandika barua, nusu yake ni Taras. Walilala chumba kimoja, wakapika sufuria moja. Sikujua mtu anaweza kumpenda rafiki hivyo. Huyo akaja akawa mkubwa kabisa huko, nikasikia kwa redio jina lake, ati waziri. Nikasema, basi Okello yuko mahali pazuri, ana mtu." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Jumatano Kavoi alituma mtu aniite Kongo. Kavoi na Okello walikaa pamoja kabla sijaolewa. Nikamkuta huyo mzungu ameketi kati ya mbao. Akaniambia Okello alikufa kwa kifua, wakati wa theluji."

"Na sanduku?"

"Amemleta. Amemleta kwangu, madam. Mifupa yake. Kavoi alitaka amtengenezee nyumba nzuri ya kwenda nayo nyumbani. Kesho mchana tunasafiri Alego." Sauti yake iliinuka. "Nimekuwa si mke na si mjane. Mwanangu akiulizwa baba yako wapi, hajui aseme nini. Nipe siku mbili nimzike, kisha mnifunge, nitakuja mwenyewe."

Aliinuka kuwamiminia chai, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akiwa askari. Mikono ilipokuwa na kazi, ulimi nao ulilegea kidogo.

"Huko alijifunza tabia yao," alisema. "Alipokuja likizo hakutaka maziwa. Chai ya rangi, halafu ati ndimu ndani. Majirani walinicheka, wakaniambia Okello amerudi na mafua ya kudumu."

Kageha aliteremsha kikombe chake. Alikiona tena kile kingine, kwenye meza ya Kavoi, kipande cha ndimu kikielea kwenye chai ambayo ilikuwa bado inatoa mvuke. Mwenye chai hiyo alikuwa hatua chache tu, nyuma ya kizuizi cha gunia, alipokuwa akimpa fundi pole.

Lakini si hilo lililomnyima raha. Aliyakumbuka maneno ya bawabu: chombo kisichozidi birika la chai. Mtu mzima, mrefu kama yule kijana wa pichani, mifupa yake haiingii kwenye birika. Kuna njia moja tu ya kumwingiza mtu humo, na Wajaluo hawaitumii kwa wafu wao, hata kwa adui. Kageha alimtazama Adero, kichwa kilichonyolewa, kochi lililofunikwa vizuri, na akahisi aibu ya mtu anayejua msiba wa mwenzake kabla ya mwenyewe.

"Vaa sweta, Mama Trizah," alisema. "Twende Kongo."

*

Kavoi alipowaona wakiingia na Adero, aliweka randa chini na hakuitafuta kazi nyingine.

"Bwana Waziri," Kageha aliliita lile gunia kwa Kiingereza. "Toka. Chai yako imepoa."

Gunia likasogea. Mtu aliyetoka alikuwa mrefu, amepinda kidogo mabegani, vumbi la mbao limemjaa kwenye mvi. Mkononi alishika kipande cha msasa. Nyuma yake, juu ya benchi, lilikuwepo sanduku la mvule, na alikuwa akililainisha mwenyewe. Kando yake kilisimama chombo cha chuma.

Wambua alisogea akakinyanyua, akakipima uzito. Uso wake ulionyesha kwamba alingoja kitu kizito zaidi.

"Rudisha," Kageha alisema.

"Mkuu alisema mtu na mzigo wake, madam."

"Rudisha kwanza." Alimgeukia Melnik. "Wenzako wanasema ndani mna mali ya serikali. Mimi nafikiri najua kilichomo. Huyu mama hajui. Sitamwambia mimi."

Melnik alimtazama Adero. Alikuwa na Kiswahili kidogo, cha bwenini, alichofundishwa na Okello, lakini kwa jambo hili alitumia Kiingereza, na Kageha akatafsiri neno kwa neno bila kupunguza.

"Nilikuambia mifupa," alisema. "Si mifupa. Ni majivu."

Kinu cha jirani kilinguruma. Adero alingoja kinyamaze, kana kwamba kilikuwa kimemzuia kusikia.

"Mlimchoma?"

"Jiji lilimchoma. Mimi niliacha achomwe."

"Okello hakukuambia sisi hatuchomi watu?"

"Aliniambia. Aliniambia hata habari za yago, usiku mmoja bwenini, tukicheka. Nilijua."

Kavoi aliketi juu ya rundo la mbao akajifunika uso. Melnik alibaki amesimama na msasa wake, na alipoanza kusema alisema kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno kwa miaka, na bado yanamchoma.

"Nchi yangu ilikuwa inavuja. Kila mwenye cheo alichota dola za serikali kwa haja yake. Huyu mwanawe yuko shule ya nje, yule mkewe anatibiwa Ujerumani. Wazee walikuwa wanauza viatu vyao barabarani wapate mkate. Mimi nilikuwa mwalimu, nikaitwa kuwa naibu waziri, nikaandika amri moja. Fedha ya kigeni haitoki kwa haja ya mtu yeyote. Yeyote. Watu walinipigia makofi. Kwa amri hiyo nilifanywa waziri. Kila kitu nilichopata baadaye kimetoka kwenye karatasi hiyo."

"Na Okello?" Adero aliuliza.

"Amri haikuwa na majuma matatu alipofariki. Shirika la ndege lilitaka dola ili limlete kwenu, na mimi mwenyewe sikuwa na dola. Hakuna aliyekuwa nazo isipokuwa serikali. Muhuri ulikuwa mezani pangu. Ilihitajika karatasi moja. Nilikaa nayo siku nzima. Nikawaza, nikiipiga muhuri hii, kesho watapanga foleni mlangoni, kila mmoja na maiti wake, na amri imekwisha. Nikaiweka kando. Huko maiti asiye na mtu huchomwa. Nilikwenda nikachukua majivu."

"Halafu ukayaweka kabatini," Kageha alisema.

"Alikuwa nyuma ya kiti changu kila nilipotia sahihi. Mwaka jana mtu mkubwa, mkubwa kuliko mimi, alitaka nimfungulie mlango kwa kampuni ya mwanawe. Ningemfunguliaje, wakati nilimfungia Okello? Nikakataa. Wakaniondoa, wakatafuta kosa, wakakumbuka chombo cha kabatini." Alitikisa kichwa. "Sikuja kujificha. Nilitaka tu nimfikishe kwanza."

Kageha aliamini. Soksi za dirishani zilikuwa zimemwambia hayo tangu asubuhi.

Adero alisogea mpaka mbele ya yule mtu mrefu akainua uso. "Ulikuwa na muhuri mezani."

"Nilikuwa nao."

"Kwa hivyo hukushindwa."

"Sikushindwa," Melnik alisema, na hili alilisema kwa Kiswahili chake cha bwenini. "Nilikataa."

Kageha alidhani mama huyu atampiga, na alijua hatamzuia. Lakini Adero alimpita, akaenda kwenye benchi, akapitisha kiganja juu ya kifuniko cha mvule, kwenye meno yaliyoungwa bila msumari. Akachukua kile chombo kwa mikono miwili na kukilaza ndani. Kikaingia sawasawa. Ndipo alipolia, kwa sauti, kilio cha kwao chenye jina la mume ndani yake, mpaka wasichana wa saluni wakaja mlangoni na Wambua akawarudisha kwa upole.

Alipomaliza alijifuta akamgeukia fundi.

"Kavoi, tuma mtu kwa Obonyo. Mwambie atafute yago."

"Yago, Mama Trizah? Si Okello yuko hapa?"

"Mwili hauko. Haya ni majivu. Yago italala mahali pa mwili, na majivu yatalala kando yake, na mtu asiniulize zaidi." Alifunga kifuniko. "Nimeikataa hiyo tunda miaka minne. Leo naitaka mimi mwenyewe."

Wambua alikohoa. "Madam, na Bwana Naftaly? Mtu na mzigo wake."

"Mtu tumempata," Kageha alisema, "na mali ya serikali hatukuiona. Sanduku hili si mzigo wake. Ni mume wa mtu." Alijua ripoti hiyo ingeweza kumrudisha kwenye sare, kuelekeza magari. Liwalo na liwe.

Melnik alikuwa amesikia, na kwa mara ya kwanza uso wake ulipata matumaini. "Inspekta. Niruhusu niende nao. Nitupe udongo wangu. Jumatatu nitajileta mwenyewe, nakuapia kwa Okello."

Kageha alimtazama koplo wake. Wambua alikuwa akikagua paa la mabati kwa makini sana, kama mtu ambaye akiulizwa kesho hatakuwa ameona lolote. Alego ni safari ya siku moja tu. Wageni wa Bwana Naftaly wangengoja. Kageha alifungua kinywa aseme ndiyo.

"Madam," Adero alisema. "Una amri ya kumpeleka?"

"Ninayo."

"Ya lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi mpeleke."

Kavoi aliinuka. "Mama Trizah, huyu mtu ametoka mbali..."

"Okello pia alikuwa mbali. Msumeno hukata mbele na nyuma, Kavoi, wewe si ni fundi? Huyu alisema amri haina rafiki. Mimi nimemsikia. Simvunjii amri yake." Alimtazama Melnik, na macho yake hayakuwa na chuki, na hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. "Ukipona huko, uje Alego. Kaburi litakuwepo. Utatupa udongo wako siku hiyo."

Kageha alitafsiri. Alitamani asingekuwa na kazi hiyo. Melnik alisikiliza mpaka mwisho, akainamisha kichwa, akaweka msasa juu ya benchi.

Adero alitazama meza ya kazi, kile kikombe chenye ndimu. Akakimwaga nje mlangoni, akachukua birika lililokuwa kwenye makaa ya fundi, akamimina chai mpya ya rangi. Ndimu iliyobaki ilikuwa nusu; aliikamulia ndani mpaka ikakauka.

"Kunywa," alisema. "Mtu hatoki kwenye matanga bila kutia kitu mdomoni."

Alikunywa amesimama. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alikirudisha mezani, karibu na sanduku, kisha akamnyooshea Kageha mikono yote miwili bila kuambiwa.